Kreni ya mvuke iliyozama mguu mmoja: uchambuzi wa kisa kutoka Reli ya Kati

Kisa hiki kinahusu kreni ya reli inayoendeshwa kwa mvuke, yenye uwezo wa tani 10, iliyohifadhiwa katika stesheni moja ya Reli ya Kati iliyo kati ya Gulwe na Manyoni. Jina la stesheni, namba ya kreni, majina ya wahusika na tarehe vimeondolewa. Vipimo vimebaki, kwa sababu bila vipimo fundi hatajifunza lolote hapa.

Boila ilipita ukaguzi. Gia zilikuwa nzima, kamba mpya, waendeshaji makini. Hata hivyo siku ya jaribio kreni ilianza kulala upande, na kilichoilaza ni maji yaliyotoka kwenye boila hiyohiyo.

Muktadha

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Upana wake ni milimita 1,000. Tangu mwaka 2024 treni za reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435 zinafika Dodoma, na macho ya watu yamehamia huko. Vyombo vya enzi ya mvuke vilivyobaki kwenye njia za pembeni viko kwenye hatari ya kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kreni ya mvuke ndiyo inayoonewa zaidi: haina mvuto wa injini ya treni, watoto hawaikimbilii kupiga picha, na chuma chake ni kizito. Ilhali hiyo ndiyo mashine iliyokuwa ikiinua mabehewa yaliyoacha njia usiku wa mvua, mahali ambapo hakuna lori lingeweza kufika.

Kikundi cha uhifadhi kilipata ruhusa ya kuitunza kreni moja pamoja na behewa la mizigo lenye bogi mbili, yaani fremu ndogo za magurudumu zinazobeba bodi. Mpango ulikuwa kuinua bodi ya behewa, kuitoa kwenye bogi zake na kuiweka juu ya nguzo za zege iwe chumba cha maonyesho. Kreni ya kisasa ya magurudumu ya mpira ingekodiwa kutoka Dodoma mjini na kazi ingeisha kwa saa 2. Kikundi kiliamua kutumia kreni yenyewe, kwa hoja kwamba mashine iliyohifadhiwa bila watu wanaojua kuiendesha ni nusu tu ya urithi. Hoja hiyo ni sahihi, ila inabeba wajibu mzito: kila hatua iwe na kipimo, na kila kipimo kiwe na mtu anayekijibia.

Mashine na hesabu yake

Kibao cha shaba kwenye mkono wa kreni kilisomeka hivi: tani 10 kwa futi 16 ikiwa imeegemea miguu ya pembeni (mihimili inayovutwa kutoka kwenye chasisi na kukanyaga ardhi), tani 4 kwa futi 16 ikiwa imesimama kwenye reli tu. Tani hizo ni za Kiingereza (kilo 1,016 kila moja), na futi 16 ni mita 4.88. Umbali huo hupimwa kutoka katikati ya mzunguko wa kreni hadi ndoano. Haupimwi kutoka ukingoni mwa chasisi, na wageni wengi hukosea hapo.

Kwa nini tofauti ni kubwa kiasi hicho? Kwenye reli ya mita, katikati ya reli moja hadi katikati ya reli ya pili ni kama mita 1.06. Maana yake mstari ambao kreni ingepindukia uko sentimita 53 tu kutoka katikati yake. Kwenye reli ya milimita 1,435 ungekuwa sentimita 75. Chukua kreni hii: chasisi tani 16, sehemu ya juu inayozunguka tani 22, na kitovu cha uzito wa sehemu hiyo ya juu kikiwa sentimita 45 nyuma ya katikati kwa sababu ya boila na uzito wa nyuma. Ikisimama kwenye reli peke yake na ndoano ikiwa mita 5 pembeni, hupinduka mzigo ukikaribia tani 6.7. Theluthi mbili za hapo ni tani 4.5, na ndiyo maana kibao kinasema 4. Ukivuta miguu ya pembeni hadi mita 1.8 kutoka katikati, mzigo wa kupindua unapanda hadi kama tani 24. Hapo kinachoweka kikomo si kupinduka tena, ni nguvu ya mkono, kamba na gia.

Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya uwezo wa kreni ya reli nyembamba hautoki kwenye kreni. Unatoka kwenye ardhi iliyo chini ya ile miguu. Hesabu hii ilikuwepo kwenye daftari la kikundi tangu wiki ya kwanza, imeandikwa vizuri, lakini hakuna aliyeihusisha na udongo.

Boila

Boila ni ya wima, kipenyo mita 1.37, yenye mirija mikubwa inayokatiza ndani ya tanuri. Presha yake ya awali ilikuwa paundi 100 kwa inchi mraba, karibu bar 6.9. Kabla ya kugusa chochote, mafundi walitoa mzinga wa nyuki kwenye bomba la moshi, kisha wakakabili jambo la hatari zaidi: vazi la boila, lile linalozuia joto kutoka, lilikuwa la asbesto. Lililoweshwa maji, likavuliwa na watu wawili waliovaa barakoa za chujio na ovaroli za kutupwa, likafungwa kwenye mifuko miwili miwili. Badala yake liliwekwa blanketi la nyuzi za madini. Anayebomoa vazi hilo likiwa kavu anajidhuru yeye na jirani yake, na madhara huja kujulikana baada ya miaka mingi.

Unene wa bati ulipimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, kila sentimita 15. Bati la nje lilikuwa milimita 12.7 lilipotengenezwa. Sehemu kubwa ilisoma kati ya 11.8 na 12.4, lakini chini kabisa, kuzunguka vishimo vya kutolea tope, kipimo kilishuka hadi milimita 8.9. Ni mahali palepale ambapo boila zote za aina hii huliwa: tope hutulia, maji hukaa baada ya moto kuzimwa, na nje kuna majivu yenye unyevu.

Kwa milimita 8.9, presha ya bar 6.9 na maungio ya ribiti (misumari ya chuma inayoshika bati) yaliyohesabiwa kuwa na asilimia 70 ya nguvu ya bati zima, mkazo unafika megapaskali 76. Hakuna aliyekuwa na cheti cha chuma chenyewe, hivyo mkaguzi alichukua nguvu ya chini, megapaskali 340, na akataka usalama usiopungua mara 5. Kwa paundi 100 ilitoka mara 4.5. Kwa paundi 80, sawa na bar 5.5, ilitoka mara 5.6. Presha ikashushwa hadi paundi 80, valvu zote mbili za usalama zikarekebishwa na kufungwa lakiri, na mstari mwekundu ukachorwa upya kwenye geji. Jaribio la maji lilifanywa kwa mara moja na nusu ya presha mpya, yaani paundi 120, kwa dakika 30, boila ikiwa imejaa hadi juu bila hewa. Ribiti mbili zilitoa machozi, zikagongwa upya, jaribio likarudiwa, na sindano ya geji haikusogea.

Uamuzi huu ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na bei. Presha ikipungua kwa asilimia 20, nguvu ya silinda inapungua kwa kiasi hichohicho. Kreni ya tani 10 ikawa kreni ya tani 8. Kikundi kilielewa na kupaka kibao kipya siku hiyohiyo, kabla ya mtu kupata muda wa kusahau.

Maji

Anayeishi Dodoma anajua alama nyeupe inayobaki kwenye birika. Maji mengi ya visima vya Kanda ya Kati yana chumvi na ugumu, na boila huyakuza matatizo hayo kwa sababu mvuke huondoka na kuacha chumvi nyuma. Kwenye mirija ya kreni hii palikutwa ukoko wa milimita 4 hadi 6, mgumu kama kigae. Ukoko wa namna hiyo huzuia joto kupita kwenda kwenye maji, bati la upande wa moto hupata joto kupita kiasi, linavimba na mwishowe kupasuka.

Ukoko uligongwa kwa nyundo ndogo kupitia vishimo vya kusafishia. Kwa kuendeshea, kikundi kilikuwa na mapipa ya maji ya mvua yaliyovunwa kutoka paa la ghala la stesheni. Kwa mvua za Dodoma zisizofika milimita 600 kwa mwaka, paa la mita mraba 200 bado hutoa zaidi ya lita 80,000, na kreni inayofanya kazi hunywa lita 300 hadi 500 kwa saa. Maji ya mvua yangetosha. Lakini pampu ya kuyatoa kwenye tanki iliharibika wiki ya jaribio, na kwa haraka wakajaza maji ya kisima, wakaongeza magadi ya sodiamu na dawa ya tanini, na wakaamua kufidia ubaya wa maji kwa kupuliza boila mara kwa mara.

Kupuliza ni kufungua valvu ya chini boila ikiwa na presha, ili maji yenye chumvi na tope yatoke. Kila mpulizo ulishusha maji kwa nusu ya kioo kinachoonyesha kimo chake, karibu lita 70. Kwa siku mbili za kuwasha moto wa majaribio walipuliza mara 6, na kati ya siku hizo walimwaga boila nzima, lita 900, ili kuiosha. Jumla ni zaidi ya lita 1,300. Bomba la kupulizia la kreni hii hutokea upande wa kulia, likielekea chini, kama mita 1 kutoka mahali unapokaa mguu wa mbele wa kulia. Kipengele hiki kimoja ndicho kilichozaa kisa kizima.

Kamba, breki na uzito wa kweli wa behewa

Kamba ya kwanza iliyonunuliwa ilikuwa ya milimita 20. Ilirudishwa. Mifereji ya pulei ilichongwa kwa ajili ya kamba ya robo tatu ya inchi, milimita 19.05, na kamba mpya ya milimita 20 inaweza kufika karibu milimita 21 kabla haijanyooka. Kamba nene kuliko mfereji hubanwa pembeni, nyuzi zake hukatika ndani pasipoonekana. Ilisubiriwa ya milimita 19, yenye kiini cha chuma, ambayo hukatika kwa takriban tani 23. Ikipita mara 4 kati ya ndoano na ncha ya mkono, kila mstari unabeba tani 2 na ushei, hivyo hapo hapakuwa na wasiwasi.

Bendi ya breki ya ngoma ilibadilishwa vazi, na ikajaribiwa kwa mvuke kufungwa na klachi kuachiwa, mzigo ukining'inia kwa breki peke yake kwa dakika 10.

Uzito wa behewa ndio ulioleta mshangao wenye faida. Ubavuni palikuwa pamepakwa uzito mtupu wa tani 14.0. Bogi mbili za tani 3.4 zikitolewa, bodi inabaki tani 7.2. Wengi wangeishia hapo. Msimamizi wa kuinua, dereva mstaafu wa kreni ambaye kila mtu alimwita Mzee, alikataa. "Rangi haijui ndani mmepakia nini," alisema. Jeki 4 za haidroliki zenye pistoni ya milimita 80 ziliwekwa kwenye pembe, bodi ikanyanyuliwa milimita chache tu kutoka kwenye vitovu vya bogi, na geji zikasomwa: bar 42, 40, 39 na 41. Jumla 162. Eneo la pistoni moja ni sentimita mraba 50.3, hivyo uzito ni karibu tani 8.3. Ukiongeza boriti ya kutandazia na minyororo, tani 0.4, unapata tani 8.7 kwa kreni ya tani 8.

Sakafu ilipofunuliwa, chini ya vumbi na mavi ya popo palikuwa na saruji iliyoganda, unene wa sentimita 2 hadi 3, mabaki ya mizigo ya miaka mingi. Vijana wanne waliichimba kwa tindo siku tatu. Kipimo cha pili cha jeki kilitoa jumla ya bar 142, yaani tani 7.3. Pamoja na vifaa, tani 7.7. Kazi ikaingia ndani ya uwezo.

Siku ya jaribio

Ilikuwa kiangazi, mwezi ambao udongo mweusi wa mbuga umepasuka na kukauka kama tofali. Kreni ilisimamishwa kwenye njia ya katikati. Behewa lilikuwa njia ya kushoto, nguzo za zege upande wa kulia. Mzigo ulipaswa kuzungushwa nusu duara kupita mbele ya kreni, na hivyo kupita juu ya pembe mbili za mbele.

Springi za ekseli zilifungwa kwa kabari ili chasisi isibonyee. Gia ya kutembea ilitolewa. Miguu 4 ilivutwa, na chini ya kila mguu pakawekwa mataruma (magogo ya kulazia reli) 2 ya mbao, urefu mita 2, upana sentimita 25 kila moja, na jingine fupi la kukatiza juu yake. Jeki za skrubu zikakazwa hadi mbao zikalia. Udongo ulikaguliwa kwa njia ya kawaida: mtu aliukanyaga kwa kisigino na kuupiga nondo. Nondo iliruka. Ukaguzi huo ulifanyika siku mbili kabla, kabla ya moto wa kwanza.

Mzigo wa jaribio ulikuwa vipande vya reli ya kilo 40 kwa mita, urefu mita 12, kilo 480 kila kimoja. Vipande 21 vinatoa tani 10, ambayo ni mara 1.25 ya uwezo mpya. Mpango ulikuwa kupanda kwa hatua: tani 2, 4, 6, 8, 10. Kulikuwa na sheria mbili zilizoandikwa ubaoni kwa chaki. Ya kwanza: mzigo wa jaribio usipande zaidi ya sentimita 15 kutoka ardhini. Ya pili: mtu yeyote, hata mchochea moto, akisema "simama", mvuke unafungwa.

Kila mguu ulikuwa na mpimaji mmoja, rula ya chuma iliyosimamishwa kwenye kigingi kilicho mita 2 pembeni, na mpira wa maji kama ule wa mafundi ujenzi, uliofungwa kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia. Vifaa hivi viligharimu pesa kidogo sana. Ndivyo vilivyookoa kreni.

Kwa tani 2 na 4 hakuna kilichosogea. Kwa tani 6, ndoano ikiwa pembeni kulia, mguu wa mbele kulia ulishuka milimita 12. Mzee aliagiza mzigo ushushwe, jeki ikakazwa tena, na hatua ikarudiwa. Ukashuka milimita 5 zaidi. Maelezo yaliyokubaliwa yalikuwa kwamba mbao zinajibana. Kwa tani 8, mkono ukaanza kuzunguka kutoka ubavuni kuelekea mbele. Kwenye pembe, maji ndani ya mpira yalianza kupanda upande mmoja.

"Mzee, huku inashuka."

"Kiasi gani?"

"Thelathini na nane. Bado inakwenda."

"Simama. Weka chini, mwanangu. Taratibu, usikanyage breki kwa nguvu."

Dereva aliachia breki kidogo kidogo. Reli zilikuwa sentimita 12 tu juu ya ardhi. Zilipogusa, kreni ilirudi yenyewe na kubaki imelala milimita 38. Moto ulifunikwa, mkono ukarudishwa nyuma ya chasisi.

Mataruma yalipoondolewa, juu palikuwa na gamba kavu la sentimita 10, na chini yake udongo mweusi uliolegea kama ugali ambao haujaiva. Mkono wa mtu ulizama hadi kiwiko. Ulikuwa bado na uvuguvugu.

Maamuzi yaliyofuata

Wazo la kwanza lililotolewa lilikuwa kuongeza mataruma mawili na kuendelea, kwa kuwa mvuke ulikuwepo na wageni walikuwa wamefika. Mzee alikataa, na hesabu ilimuunga mkono. Kwenye pembe, mguu mmoja unaweza kubeba tani 16 hivi kwa mzigo wa tani 8, na hadi tani 20 kwa mzigo wa tani 10. Mataruma mawili yana eneo la mita mraba 1, hivyo ardhi ilipewa tani 16 kwa kila mita mraba. Udongo wa mbuga ukiwa mkavu unaweza kustahimili mzigo wa kiasi hicho. Ukilowa, hata tani 5 ni nyingi.

Kazi ilisimama siku 11. Katika siku hizo:

Chini ya kila mguu, si ule uliozama peke yake, palichimbwa shimo la mita 2.4 kwa 2.4, kina sentimita 30, na kwenye mguu wa mbele kulia kina kiliongezwa hadi udongo mkavu ukapatikana, sentimita 70. Kokoto za granaiti, ambazo mkoani Dodoma hazina shida kupatikana, zilimwagwa kwa tabaka za sentimita 15 na kushindiliwa.

Juu ya kokoto yalilazwa mataruma 8 kwa kubanana, mita 2 kwa mita 2, kisha 4 ya kukatiza, kisha bamba la chuma la milimita 25 chini ya jeki. Kwa tani 20, ardhi sasa inapata tani 5 kwa mita mraba, na kwa kutawanyika ndani ya kokoto inashuka chini ya 4.

Bomba la kupulizia liliungwa bomba la chuma la kupeleka maji mita 15 mbali, ndani ya pipa lililokatwa na kufunikwa, kwa sababu maji ya presha hayo yanapotoka hugeuka mvuke na yanaunguza. Pampu ya maji ya mvua ilitengenezwa. Upulizaji ukapungua hadi mara 1 kwa siku.

Matokeo

Kwenye jaribio la pili, kwa tani 10 juu ya pembe zote mbili, kushuka kukubwa kuliko kote kulikuwa milimita 3. Mzigo ulishikiliwa dakika 10 kwa breki peke yake.

Bodi ya behewa iliinuliwa kesho yake saa 1 asubuhi. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya jua tu. Ubavu wa bodi ni karibu mita mraba 23, na upepo wa Dodoma wa kiangazi, ambao huamka kadiri jua linavyopanda, ukifika mita 10 kwa sekunde huisukuma kwa nguvu ya kilo 140 hivi. Nguvu hiyo haipindui kreni, ila inatosha kuzungusha bodi ya mita 10 na kumgonga mtu. Kamba mbili za kuongozea zilishikwa na watu wanne, hakuna aliyeruhusiwa upande wa nyuma ambako mkia wa kreni hupita, na bodi ikakaa juu ya nguzo baada ya dakika 50. Saa 4 mataruma yalikuwa tayari yametolewa na upepo ulikuwa unarusha vumbi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni sheria ya sentimita 15. Kreni ilipoanza kulala, mzigo wenyewe ukawa mguu wa tano: uligusa ardhi kabla ya mstari wa kupindukia kufikiwa. Kama zile tani 8 zingekuwa mita 2 juu, kuzishusha kungehitaji muda, na kila sekunde mguu ungezidi kuzama. Kulala kidogo huongeza umbali wa ndoano. Umbali ukiongezeka, mguu hubebeshwa zaidi. Ukibebeshwa zaidi, huzama zaidi. Mzunguko huo ukishaanza haukati mwenyewe.

Kupima uzito kwa jeki kulistahili kila dakika. Bila hilo, siku ya kuinua bodi mtu angeinua tani 8.7 kwa kreni ya tani 8, bila kujua kwamba amevuka uwezo wake.

Kilichoshindwa kwanza ni kusoma dalili. Milimita 12 kwa tani 6 zilipewa maelezo mepesi. Mbao hujibana, ni kweli, lakini hujibana mara ya kwanza na kisha hutulia. Mguu ulioshuka tena milimita 5 kwa mzigo uleule ulikuwa unasema kitu kingine. Hapo ndipo mataruma yangefunuliwa, kabla ya hatua ya tani 8. Mzee mwenyewe aliliandika hili kwenye daftari kwa mkono wake, na ni jambo la kuheshimiwa.

Cha pili ni mgawanyo wa kazi. Kulikuwa na mtu wa boila, mtu wa kamba na gia, mtu wa mzigo. Ardhi haikuwa na mtu. Mtu wa boila alipuliza kwa usahihi kabisa kwa mujibu wa boila. Hakuna kwenye orodha yake palipoandikwa maji yanakwenda wapi. Mtu aliyepiga nondo alipiga kwa usahihi, lakini siku mbili mapema mno. Kila mmoja alifanya sehemu yake vizuri na kosa likakaa katikati yao.

Tena kosa hili lina mnyororo wake. Pampu mbovu ilileta maji ya kisima, maji ya kisima yakaleta upulizaji mwingi, upulizaji ukalowesha udongo. Ukaguzi wa boila wenye nguvu namna ile ulifanya kila mtu aamini kuwa hatari imeshughulikiwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka vyombo vya presha na vya kuinulia vikaguliwe na mtu mwenye sifa, na hilo lilitimizwa. Cheti hicho kinaeleza hali ya chuma. Udongo wa siku ya kazi hauna cheti, unahitaji nondo ya asubuhi hiyohiyo, kwenye kila mguu, baada ya mpulizo wa mwisho.

Jambo moja linabaki la kubishaniwa kwa haki. Wapo wanaosema presha ingebaki paundi 100, kwa kuwa mara 4.5 si haba kwa chombo kinachowashwa siku chache kwa mwaka. Sikubaliani nao. Bati la milimita 8.9 ni kipimo cha pale kifaa kilipogusa. Kati ya nukta mbili za sentimita 15 kunaweza kuwa na shimo la kutu lenye kina zaidi. Kabla ya moto wa msimu ujao eneo lile litapimwa tena kila sentimita 3, na vishimo vya kutolea tope vitafunguliwa ili upande wa maji uonekane kwa macho. Kwa sasa boila imemwagwa ikiwa bado ya moto ili ijikaushe, na valvu ya kupulizia imeachwa wazi, bomba lake jipya likiwa bado limeungwa.